Bima wamekataa kulipia siku 6 alizolazwa mama, nianzie wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Mama alivuka na kivuko kutoka Nansio akiwa hoi, hapa Mwanza wakamlaza siku 6 kwa nimonia. Kampuni ya bima imegoma kulipa, eti ugonjwa alikuwa nao kabla ya kukata bima. Nimonia ya wiki ileile! Pumu anayo, kweli, na kwenye fomu tuliiandika bila kuficha. Wamenijibu kwa simu tu, barua ya kukataa naidai hadi leo. Daktari yuko tayari kuandika maelezo. Je, nikate rufaa kwao kwanza, au niende moja kwa moja TIRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima? Aliyepitia hili anisaidie jamani, bili nimelipa kwa kuuza mtumbwi wa marehemu baba.