Tupeane uzoefu: Kipupwe kilikukuta peke yako, watu uliwapata wapi?

Mhamiaji wa Newala
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nawasalimu. Juzi usiku nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili, ukungu umemeza hata taa ya jirani, nikasikia ngoma ikilia upande wa bondeni mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Nikaikumbuka Julai yangu ya kwanza hapa, miaka sita iliyopita, nilipohamishiwa kikazi kutoka Kanda ya Ziwa. Mwezi ule mzima, nikitoka ofisini, mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa muuza mkaa. Niliamini kwamba wenyeji hawapendi wageni, kumbe ni mimi niliyekuwa nikifunga mlango saa kumi na mbili jioni, wakati wenzangu ndiyo kwanza wanaanza kutembeleana. Aliyenitoa ndani ni balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuja kunidai mchango wa fedha bali mikono yangu, kwa kuwa palikuwa na msaragambo wa kufyatua matofali ya choo cha shule na jina langu lilikwisha kuandikwa. Nilikwenda nimenuna, nikarudi nimealikwa nyumba tatu na baraza moja la bao, ambako mpaka leo kuna mzee ananifunga huku akisinzia. Naomba tupeane uzoefu: kipupwe kilipokubana, watu uliwapata wapi, na ulijikuta una kazi gani miongoni mwao?

Mpuliza Salfa
Huku Tandahimba upweke wa kipupwe ni anasa ya wasio na mikorosho. Miezi hii ndipo mkorosho unapotoa majani machanga na maua, na ubaridi huu wenye unyevu ndio unaopendwa na ubwiriunga, ugonjwa wa majani na maua ya mkorosho, kwa hiyo asiyepuliza kwa wakati atakuja kuhesabu majani badala ya korosho. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukingali juu ya majani ili unga ushike. Mashine ni ghali, hivyo moja huzunguka mashamba mengi, na kwa kuizungusha huko ndiko unakomjua nani mkweli, nani hununua petroli pungufu, na nani ana uji wa moto nyumbani kwake. Mke wangu alinikubali nikiwa wa njano kuanzia nyusi hadi kandambili.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Wanangu, mnaongea kana kwamba kipupwe ni mali ya watu wa juu peke yao. Huku pwani tuna upepo wa kusi, nao ukichacha ngalawa hazitoki, wanaume hushinda barazani wakitengeneza nyavu, na mambo mengi ya mtaa hukatwa hapo kuliko kwenye mkutano wowote wa hadhara. Mimi nimekumbuka mwaka 1999, ambapo Maulidi yaliangukia mwishoni mwa Juni. Nilikuwa nimefiwa na mume miezi michache kabla, nimetoka eda, na sikuwa na hamu hata ya kusuka ukili. Jirani yangu hakunipa pole wala nasaha, aliniletea gunia la mchele akasema, "Dada, huu uchambuliwe kabla ya kesho, wageni wanatoka mpaka Lindi." Tulichambua wanawake kumi na wawili, tukaimba kasida mpaka sauti zikakauka, na usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu msiba.

Kusi la Lindi
Ninaunga mkono kwa mikono miwili, maana mchele unaochambuliwa na watu wengi hauna mawe.

Mjukuu wa Nyakanga
Nilikuwa nimekusudia kusoma tu, lakini hiyo ngoma ya ndani ya ukungu imenigusa mahali penyewe.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2003, katika kijiji kilicho chini ya ukingo wa Uwanda wa Makonde. Bibi yangu alikuwa nyakanga, yaani kungwi wa unyago, na usiku huo wanawake walikuwa wakikesha kwa sababu asubuhi yake wari, wasichana waliochezwa unyago, walikuwa wanatolewa, ndugu wametoka mpaka ng'ambo ya Ruvuma, na midimu, wachezaji wa barakoa, ilikuwa icheze jua likishapanda. Wifi yangu, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amekaa nami karibu na moto tukimenya ming'oko, mizizi ya porini, akanishika mkono ghafla akaniambia kwamba maji yamemtoka. Mjomba alipanda baiskeli kwenda kuomba gari tuliloahidiwa. Alirudi baada ya saa mbili akiwa peke yake, akasema dereva amekataa kushuka kwenye ukungu ule. Sitataja lilikuwa gari la nani, kwa sababu aliyekuwa analiendesha bado yu hai na kosa hilo analijua mwenyewe.

Hapo bibi yangu alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye: aliingia katikati ya uwanja akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Ikanyamaza. Akasema, "Mkeshao mnatosha kubeba." Wapiga ngoma walikata mianzi wakaifunga kwenye kitanda cha kamba, wakabeba wanne wanne kwa kupokezana. Kwa kuwa kurunzi zilikuwa mbili na ukungu ulikuwa unarudisha mwanga usoni, kijana mmoja alitangulia na ngoma ndogo akiipiga polepole ili walio nyuma wafuate sauti wasitumbukie kwenye korongo. Mmoja wa wabebaji alikuwa ndiye angecheza ndani ya barakoa asubuhi ile. Sisi wanawake tulijifanya hatumtambui, naye akajifanya hajui kwamba tunajua. Safari ambayo mchana huchukua saa moja na nusu ilituchukua saa nne, na wifi hakufika. Alijifungua njiani, chini ya mkorosho, wanawake tumezungusha khanga kumkinga na upepo, wanaume wamegeuka migongo na yule kijana bado anapiga ngoma yake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aache.

Mpuliza Salfa
Mama na mtoto walipona? Usituache njiani kama dereva yule.

Kusi la Lindi
Nami nasubiri, na chai yangu imepoa.

Mjukuu wa Nyakanga
Walipona wote wawili. Wifi alipoteza damu nyingi na alilazwa siku tisa, lakini alirudi kwa miguu yake. Wari walitolewa siku iliyofuata, na nyumba zote zilizokuwa na wari zilimpelekea kuku.

Mlinzi wa Mila
Hadithi ni nzuri, ila dada yangu umekosea. Habari za nani yumo ndani ya barakoa hazisemwi mbele ya watu, na wanawake hasa hawapaswi kuzitamka. Tukiendelea hivi, lipiko, hiyo barakoa yenyewe, litakuwa kinyago cha kuuzia watalii.

Mjukuu wa Nyakanga
Kaka, jina sikulitaja, sauti yake sikuieleza, na alikochezea hukujui. Aliyeiacha barakoa usiku ule ili abebe kitanda aliitunza mila kuliko mimi na wewe tunaochapa maandishi.

Mwalimu wa Kitangari
Mimi nitasema lisilopendwa. Ngoma ni raha na siipingi, na sindimba nimeicheza mpaka kiuno kikaomba likizo, lakini kila msimu huu madawati yangu hubaki wazi kwa sababu kuna wazazi wanaopanga unyago na jando bila kutazama kalenda ya shule. Likizo ya Juni ipo na ya Desemba ipo. Mtoto anayerudi darasani wiki tatu baada ya wenzake huyo naye yuko peke yake, na upweke wake hatuuoni kwa kuwa amevishwa khanga mpya.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Mwalimu, hilo usiliseme huku. Liseme kwenye kikao cha kijiji, mapema, watu wakiwa bado wanavuna na tarehe hazijapangwa. Ukija ngoma zimekwisha kuwambwa utaonekana mchawi wa sherehe.

Mwalimu wa Kitangari
Nilikwenda mwaka jana, Bi Mkubwa. Nilipewa uenyekiti wa kamati ya maji.

Aliyerudi kutoka Uswidi
Nimecheka kwa uchungu, kwa sababu mimi kipupwe kilinikuta mara mbili kwa mwaka. Nilisoma Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ambako katikati ya Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa tano, na saa nane mchana tayari unatafuta swichi. Wiki za mwanzo nililala kama popo. Nilichojifunza kule ni kwamba wenyewe hawaungoji upweke uishe wenyewe, wameuwekea ratiba. Kuna vikundi vya kujifunza ambapo watu wachache hukutana kila wiki, wakasoma lugha, wakaimba au wakafuma, na vyama vinavyoviandaa hupata ruzuku ya umma. Tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia, watoto na watu wazima huandamana na mishumaa gizani wakiimba, na mimi Mmakonde wa Mahuta nilivalishwa kanzu nyeupe nikapewa sauti ya chini kwenye kwaya. Sikuelewa nusu ya maneno, lakini nilipouona ule msururu wa taa kwenye theluji nilimkumbuka bibi, na laiti ningekuwa na ngoma ndogo ningetangulia kama yule kijana.

Mlinzi wa Mila
Sasa tumefika Uswidi. Mwenye mada aliuliza habari za Newala.

Mhamiaji wa Newala
Mwacheni aseme, amejibu kuliko nilivyouliza. Bado nataka ushauri wa vitendo, kwa kuwa kuna kijana amehamia nyumba ya pili kutoka kwangu na taa yake huzimwa saa moja usiku.

Mpuliza Salfa
Mpe mashine ya kupulizia.

Kusi la Lindi
Usimpe kazi, mpe starehe kwanza. Mpeleke maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, atembee mabandani ale mishikaki. Kazi itamfuata yenyewe.

Mwalimu wa Kitangari
Mimi ningempeleka Naliendele, Mtwara, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji. Mtu akiyaona huacha kuita huku pembezoni.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Kijana mpweke mnampeleka makaburini! Mgongee mlango umwombe chumvi.

Mhamiaji wa Newala
Nimemgongea, nikamwomba chumvi, na hana. Ila Jumamosi tunaezeka upya nyumba ya bibi kizee mmoja hapa mtaani na amekubali kuja, sasa anauliza avae nini.

Mlinzi wa Mila
Aje na koti zito.

Mjukuu wa Nyakanga
Koti aliache. Akishabeba miti mitatu atalivua, na hatakumbuka alikolitundika.