Usaili wa uuguzi ni Alhamisi. Wakiniuliza kwa nini nataka kuwa muuguzi, nijibu nini?

Taa Ndogo (Jumapili, saa 4:12 usiku)
Habari za saa hizi wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimeitwa kwenye usaili wa kujiunga na masomo ya uuguzi, Alhamisi asubuhi. Kila niliyemuuliza ananiambia swali la kwanza ni lile lile: kwa nini unataka kuwa muuguzi? Nina majibu sita kwenye daftari, na yote nikiyasoma kwa sauti yananikera. "Napenda kusaidia watu." Hata dereva anasaidia watu. "Ni ndoto yangu tangu utotoni." Si kweli, utotoni nilitaka kuwa fundi redio.

Mliopita huko mlijibu nini? Na mlioko wodini, jibu gani mkilisikia mnajua huyu atadumu? Leo ni usiku wa tatu silali.

Mchumi Kijana (saa 4:20 usiku)
Sema ajira, basi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia nzima ina wauguzi milioni 29.8 na bado kuna upungufu wa milioni 5.8. Kazi ambayo watu wanatafutwa hivyo unaombea radhi ya nini? Mimi nilisoma fani ya "ndoto yangu" na mpaka leo natembea na bahasha. Waambie unataka kazi ya uhakika na utaifanya vizuri. Watu wazima wataelewa.

Kimya Kingi (saa 4:31 usiku)
Nafuatilia.

Bwana Vichekesho (saa 4:40 usiku)
Waambie umependa zile saa za kubandika kifuani. Natania. Pole na usingizi, kunywa maji ulale, Alhamisi bado mbali.

Zamu ya Usiku (saa 5:55 usiku)
Niko zamu, nitaandika kwa vipande. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na mara tatu nimekaa upande wa meza wa wanaouliza.

Hatutafuti jibu zuri, yale mazuri tumeyasikia yote. Tunatafuta mtu anayejua anaingia wapi: kusimama saa nane, mahali pengine kumi na mbili, kusafisha kinyesi cha mtu mzima bila kumfanya ajione takataka, kumwambia daktari aliyechoka kwamba dozi aliyoandika si sahihi. Ukishataja kitu kimoja cha namna hiyo ulichokiona kwa macho yako, tunaweka kalamu chini tunakusikiliza.

Ila mdogo wangu, hatuulizi hewani. Barua uliyotuma iko mezani na imepigwa mistari. Humo uliandika nini?

Taa Ndogo (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)
Asante sana dada. Kwenye barua niliandika mambo ya kawaida tu. Naomba tubaki kwenye jibu la mdomo, hapo ndipo nimekwama.

Zamu ya Usiku (saa 1:15 asubuhi)
Hayo ya kawaida ndiyo yanayoulizwa. Mwaka fulani alikuja kijana aliyeandika kwamba alimhudumia shangazi yake mwenye kisukari. Swali letu lilikuwa dogo tu: shangazi alikuwa anajichoma insulini sehemu gani za mwili? Akatazama dari. Kutojua si kosa, tungemfundisha. Lakini tangu pale kila alichosema tulikipokea kwa kidole kimoja. Uliandika nini?

Taa Ndogo (saa 1:50 asubuhi)
Sawa.

Niliandika kwamba mama alipomzaa mdogo wangu wa mwisho alitokwa damu nyingi, muuguzi mmoja akamwokoa, na mimi pale mlangoni nikaapa kuwa kama yeye. Mama hakutokwa damu. Alijifungua salama na kesho yake akarudi nyumbani. Nilisoma mifano ya barua, karibu zote zina kisa cha namna hiyo, nikaona yangu isiyo na kisa haitasomwa.

Kabla hamjanirukia: wanaofanya hivi ni wengi. Na nimejiandaa. Damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida inahesabiwa kuwa nyingi, tumbo la uzazi lisiposinyaa ndiyo sababu kubwa, dawa ya kwanza ni oksitosini. Wakiuliza nitajibu kuliko yule wa shangazi. Barua imeshakwenda. Ninachohitaji ni namna ya kukisimulia kisisikike kama nimekikariri.

Mama Wawili (saa 2:25 asubuhi)
Mililita 500. Mimi sikuhesabu, mwanangu. Nilichosikia ni joto miguuni, halafu sauti za watu zikaanza kwenda mbali. Mkunga alinikandamiza tumbo kwa ngumi akilisugua, nikampiga kofi kwa maumivu, hakuacha. Alikuwa ananiita jina langu kamili, na la baba yangu, kila mara nikifumba macho. Mwanangu wa pili ana miaka tisa sasa. Jina la yule mkunga sikuwahi kulijua.

Sikutukani. Lakini hicho ulichokiandika ni changu. Wapo na wengine wa kwao hawakurudi nyumbani. Tafuta chako.

Mchumi Kijana (saa 2:40 asubuhi)
Dada Taa, usijitie kitanzi. Barua imepita na umeitwa. Kaza uzi ule ule.

Mwalimu Mstaafu (saa 4:05 asubuhi)
Binti yangu Taa Ndogo, vijana wa leo mnatafuta "jibu la usaili" wakati jambo lenyewe ni wito. Nimefundisha miaka mingi, acha nikupe historia. Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alizaliwa tarehe 12 Mei 1820, ndiyo maana siku hiyo ni Siku ya Wauguzi Duniani. Mwaka 1837, akiwa binti wa miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita kwenye utumishi. Familia yake, watu wenye mali, ikamkataza kabisa kuwa muuguzi, kazi iliyodharauliwa wakati ule. Alingoja miaka. Novemba 1854 akafika na wanawake 38 kwenye hospitali ya askari wa Uingereza huko Scutari, Uturuki, wakati wa Vita vya Crimea, akakuta askari wanakufa kwa kipindupindu, homa na kuhara kuliko kwa majeraha. Mwaka 1860 shule yake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London.

Na hakuwa mtu wa maneno laini. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alisema mgonjwa akishikwa na baridi, akizimia, akipata kidonda cha kulalia, kwa kawaida kosa si la ugonjwa, ni la uuguzi. Ukiwa na moyo wa kubeba sentensi hiyo, nenda. Kama huna, uache nafasi kwa mwingine.

Kimya Kingi (saa 4:20 asubuhi)
Bado nafuatilia.

Taa Ndogo (saa 3:48 usiku)
Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvulana.

Niliisoma hiyo sentensi yako asubuhi nikazima simu. Nimeiwasha sasa hivi.

Babu yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Watu wazima wote walikuwa na kazi, mimi nilikuwa nimemaliza kidato na nangoja matokeo, nikapewa mimi. Miezi kumi na minne. Tulipotoka hospitali tuliambiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Niliweka kengele kwenye simu, mchana na usiku. Usiku mmoja ilipolia saa tano niliizima nikasema dakika kumi tu. Niliamka saa kumi na mbili. Babu alikuwa vile vile nilivyomwacha, macho wazi. Juu kidogo ya kifandugu palikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa kiganja.

Baada ya siku kumi palifunguka. Sitaandika palivyokuwa. Ikaja homa, tukarudi hospitali, vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Wiki tatu baadaye alifariki.

Pale wodini kulikuwa na muuguzi aliyekuwa anakisafisha kile kidonda. Hakuuliza nani alikuwa anamlaza. Kabla ya kila kitu alikuwa anamwambia babu, "Mzee, sasa nitakugusa mgongoni, maji ni ya baridi kidogo," wakati babu hajibu mwezi wa kumi na tano huo. Nilikuwa nasimama mlangoni namtazama mikono. Nataka kujua kuifanya ile kazi kama yeye. Sina sababu nyingine.

Sasa hilo linasemwaje mbele ya watu watatu wenye kalamu? "Nataka kuwa muuguzi kwa sababu nilimuua mgonjwa wangu wa kwanza"? Kisa cha mama hakina mtu aliyekufa mkononi mwangu. Ndiyo maana nilikichagua, na bado naona nilichagua vizuri.

Jicho Kali (saa 4:10 usiku)
Hii chai, tena imetiwa tangawizi.

Angalieni vizuri. Asubuhi mama anatokwa damu. Mchana mama hajatokwa damu. Mwalimu anataja kidonda cha kulalia, na usiku wake, kwa bahati nzuri kabisa, kuna babu mwenye kidonda cha kulalia. Jana dada, leo kaka. Huyu anafanyia mazoezi barua nyingine kwenye vichwa vyetu, kesho itatumwa chuo cha pili.

Mchumi Kijana (saa 4:18 usiku)
Daah. Jicho Kali ana hoja.

Mama Wawili (saa 4:22 usiku)
Dada tulimwita sisi. Yeye hakusema popote. Na mtu akikuambia alidanganya mara moja, siyo leseni ya kumtupia mawe kila akifungua mdomo.

Jicho Kali (saa 4:26 usiku)
Basi ajibu. Kijana aliyemaliza kidato, peke yake, mzee mzima aliyepooza, usiku. Ulimgeuzaje?

Taa Ndogo (saa 4:51 usiku)
Humnyanyui. Unasimama upande unaotaka aelekee. Ule mkono wa upande wako unausogeza nje kwanza, usipofanya hivyo anaulalia, na mkono uliokufa haumwambii kwamba anaulalia. Mkono wa mbali unaupitisha juu ya kifua. Goti la mbali unalikunja. Halafu unashika bega na nyonga unavuta kuja kwako, anakuja kirahisi kwa sababu goti linavuta mwili. Mto mgongoni, asilale ubavu kabisa, awe ameegemea tu. Mto mwingine katikati ya magoti. Kisha unapitisha kiganja chini yake kutafuta mikunjo ya shuka.

Ngozi ya babu ni nyeusi kama yangu, wekundu hauonekani. Nilikuwa napapasa kwa mgongo wa kiganja, natafuta joto au ugumu. Babu alikuwa anajua nakuja, alikuwa anafumba macho kabla sijamgusa.

Sina la kuongeza. Amini usiamini.

Jicho Kali (saa 4:58 usiku)
Hayo yanasomeka popote. Ila lile la kufumba macho... sawa. Nanyamaza, sijasema nimeamini.

Zamu ya Usiku (Jumanne, saa 8:20 usiku)
Nimepata dakika. Kaka Taa, soma hapa polepole.

Doa la zambarau linalotokea juu ya mfupa wakati ngozi haijachanika ni jeraha lililoanzia chini, kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro. Mara nyingi huonekana juu saa 48 hadi 72 baada ya madhara kufanyika. Ulichokiona saa kumi na mbili asubuhi huenda kilianza siku mbili nyuma, wakati kengele zako zote zilikuwa zinaitikiwa. Sisemi ule usiku haukuongeza kitu. Nasema huwezi kuubebesha usiku mmoja kifo kizima, na hakuna muuguzi mwenye akili atakayeubebesha. Mzee wa kiharusi, hawezi kula vizuri, ngozi inaloa, hajisogezi mwenyewe. Wodini kazi hiyo tunapokezana watu watatu kwa siku, na bado vidonda vinatupata. Wewe ulikuwa peke yako miezi kumi na minne na kilitokea mwishoni.

Kuhusu Alhamisi: kaa chini, na kabla hawajauliza sema kisa cha kwenye barua si chako. Kisha sema hiki. Wanaweza kukukata kwa ule uongo, sikufichi, na watakuwa na haki. Kwenye kazi yetu mtu akikosea dozi akaandika uongo kwenye faili, kinachomdhuru mgonjwa zaidi ni ule uongo.

Mchumi Kijana (saa 1:05 asubuhi)
Napinga kwa heshima. Hakuna anayejipeleka mwenyewe kunyongwa. Akiulizwa ajibu, asipoulizwa anyamaze.

Mwalimu Mstaafu (saa 3:30 asubuhi)
Kijana wangu, nisamehe kwa yote mawili, la "binti" na la jana. Nimerudi kwenye kile kitabu. Karibu na hapo hapo nilipokunukulia, anasema hamaanishi kwamba muuguzi ndiye mwenye lawama siku zote. Usafi mbovu, majengo mabaya na utawala mbaya mara nyingi huifanya kazi ya uuguzi isiwezekane. Nilikumbuka nusu, nikakupiga nayo.

Taa Ndogo (saa 2:14 usiku)
Mwalimu, hujanikosea. Dada Zamu, ile habari ya saa 48 nimeisoma mara nyingi leo. Nimemsomea mama pia, akatoka nje akakaa peke yake kidogo.

Nimeandika barua pepe kwa wahusika wa usaili kueleza kuhusu barua ya kwanza. Iko hapa, haijatumwa. Nikiituma sasa wanaweza kufuta jina langu hata kabla sijaingia mlangoni. Nikisema mle ndani angalau watakuwa wananitazama usoni. Nadhani nitasema mle ndani. Najua mtaniambia nakwepa.

Zamu ya Usiku (saa 2:40 usiku)
Usoni ni sawa. Ila iwe sentensi ya kwanza, si ya mwisho.

Kimya Kingi (saa 5:33 usiku)
Samahani naingia. Mama yangu yuko kitandani wiki ya tatu sasa, nyonga imevunjika. Sikujua mambo ya kugeuza. Leo nimegusa kisigino chake cha kushoto, kina joto kuliko cha kulia, na anasema kinachoma. Taa Ndogo, hiyo ni nini?

Taa Ndogo (saa 5:36 usiku)
Usikisugue. Weka mto chini ya shavu la mguu, siyo chini ya kisigino, mpaka kisigino kielee hewani, mkono wako upite chini yake. Ukibonyeza kwa kidole halafu ukiachia, ngozi inabadilika rangi au inabaki vile vile? Kuna malengelenge? Ule upande wenye nyonga iliyovunjika usimlalie wala usimgeuze mpaka daktari wake aseme namna. Kesho asubuhi mapema wapigie waliomtibu uwaambie habari ya kisigino.

Mwangalie na kifanduguni, na nyuma ya kichwa. Washa taa kabisa, na umwambie kwanza kwamba utamgusa. Niko macho, nangoja jibu lako.