MREJESHO: Katalogi ya WhatsApp imeniletea wateja, tangazo la kulipia bado

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuwafikia wateja mtandaoni kwa biashara yangu ya viungo hapa Tanga. Asanteni sana nyote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuhamia WhatsApp Business na kuweka bei wazi kwenye katalogi (ile orodha ya bidhaa ndani ya app), siyo "njoo inboksi". Hilo ndilo lililozaa matunda. Mtu anaona iliki ya Amani (kule milimani Muheza) robo kilo, bei yake na gharama ya kutuma kwa basi hadi Dar, anaagiza bila maswali mengi. Video fupi nikichambua iliki, punje za kijani huku na zilizopauka kule, ndizo zinazosambazwa zaidi. Naziweka status ya WhatsApp, ila kwa kuwa status hufutika baada ya saa 24, naziweka na Instagram.

Tangazo la kulipia halikuleta kitu. Laiki zilijaa, nyingi za mikoa nisikotuma mizigo, oda hakuna. Nimelisimamisha kwanza.

Aliyeshauri niombe ruhusa ya kuposti maoni ya wateja, ubarikiwe sana: wageni wengi wanasema hayo ndiyo yaliyowafanya waniamini hadi kulipia kabla ya kupokea mzigo.