Naomba ushauri: nataka Jack Russell, nimkague vipi kabla ya kulipa?

Wakuu, habari zenu. Niko Arusha, natafuta mtoto wa mbwa aina ya Jack Russell. Panya wa stoo ya mahindi wamenizidi nguvu, na wanangu nao wanataka mbwa mdogo mchangamfu.

Muuzaji wa kwanza nimempata WhatsApp. Anasema watoto wana wiki tano, nitume hela nimchukue. Nikiomba kumwona mama yao, mara amesafiri, mara ni mkali. Mbwa anasafiri kwenda wapi jamani? Ninavyojua, mtoto hatolewi kwa mama kabla ya wiki nane. Huyu nimeshamtilia shaka.

Wa pili yuko Nairobi, anasema mbwa wake wamesajiliwa East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa. Mama kamwonyesha kwa video, kadi za chanjo zipo, na ameniuliza hata urefu wa uzio wangu. Bei yake lakini imechangamka!

Kinachonisumbua ni macho. Mbwa hawa wana ugonjwa wa kurithi ambapo lenzi ya jicho huhama mahali pake. Mbwa huonekana mzima kabisa utotoni, kisha anakuja kupofuka ukubwani. Kipimo cha DNA kipo, na wanaotakiwa kupimwa ni wazazi kabla ya kupandishwa. Je, wafugaji wa huku wanapima kweli? Nimdai cheti gani?

Na aliyewahi kumvusha mbwa Namanga anielekeze vibali, pamoja na chanjo ya kichaa, maana kwa kawaida huchanjwa akifikisha miezi mitatu.