Mjadala: Likizo ihesabiwe mwezi kwa mwezi, au mtu asubiri mwaka uishe?

Mleta mada
Wakuu, kampuni nyingi binafsi huku Bara bado zinaendesha likizo kwa mtindo wa "maliza mwaka kwanza, ndiyo uje tuongee". Msimamo wangu: siku za likizo zihesabiwe kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, na salio lionekane kwenye salari slipu. Watumishi wa umma mna taratibu zenu, na Zanzibar mna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, hivyo nawaacha pembeni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiwa humohumo. Mwajiri ndiye anayepanga aende lini, ila isipite miezi sita baada ya mzunguko kuisha; mfanyakazi akiridhia na kazi ikidai kweli, miezi 12. Aliye chini ya miezi sita kazini bado hana likizo yenye malipo. Mabosi wengi wanaishia hapo kusoma. Wangeteremka kidogo wangekuta kwamba mtu akiondoka analipwa likizo aliyokwisha kuichuma, mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Sheria yenyewe inajua kuwa likizo inachumwa kidogokidogo. Kwa nini basi salio lijulikane siku mtu anapoachishwa kazi tu?

Vipuri_Kkoo
Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa mishahara. Nina vijana saba dukani. Nikiwatangazia kwamba kila mwezi una siku mbili na ushee, kesho yake wanaanza kuzidokoa. Jumatatu huyu hayupo, Ijumaa yule yuko msibani. Mwaka unaisha hakuna aliyepumzika, na duka limeyumba. Sheria imesema mfululizo kwa sababu: mtu aende kwao Rombo, akae, arudi na akili mpya.

Halafu hesabu yenu ina mtego. 28 gawa kwa 12 ni 2.33. Mtu wa ofisini akizichukua mojamoja, Jumatatu hadi Ijumaa tu, hizo 28 zinakuwa wiki tano na nusu na ushee. Nani analipa hiyo ziada?

Mleta mada
Hilo la pili ni zito, nalikubali kabisa. Hiyo 2.33 ndiyo inayoharibu sifa ya utaratibu huu kila unapowekwa. 28 ni siku za kalenda, Jumapili imo ndani. Ukitaka kuhesabu kwa mwezi, zigeuze kwanza ziwe siku za kazi. Siku 28 ni wiki nne. Dukani kwako mnafanya siku sita kwa wiki: 24 kwa mwaka, 2 kamili kwa mwezi, wala huhitaji kikokotoo. Ofisi ya siku tano: 20 kwa mwaka, 1.67 kwa mwezi.

Pima na ile kanuni ya 13. Siku sita kwa wiki 52 ni 312. Gawa kwa 13 unapata 24. Siku tano ni 260, unapata 20. Hesabu zinakutana bila kulazimishwa.

Na kudokoa ni suala jingine. Kuhesabu kila mwezi hakumaanishi kuchukua kila mwezi. Unaweza kumwandikia kijana wako 2 kila mwezi na bado akaenda Rombo kwa mkupuo mmoja.

Mhasibu_Nakuru
Naingilia kutoka Kenya. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 imeshaukata huu ubishi: siku 21 za kazi baada ya miezi 12, na ukitoka kabla ya mwaka kuisha ukiwa umefanya angalau miezi miwili, siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Mwajiri anaweza kuigawa likizo mkiafikiana, lakini kama hakuna makubaliano mengine, fungu moja lisipungue wiki mbili za kazi bila kukatizwa, lichukuliwe ndani ya mwaka huo. Linalobaki lina miezi 18 tangu mwaka huo uishe. Na maelezo ya ajira yanatakiwa yatoshe mtu kujipigia hesabu mwenyewe.

Kwetu balaa liko kwenye programu za mishahara. Nimekuta mahali wameingiza 1.75 sawasawa, lakini programu inafuta desimali kila mwezi. Mtu anaandikiwa 1. Mwaka unaisha ana 12 badala ya 21, na ukiuliza, kila mtu anaelekeza kidole kwa kompyuta. Acheni desimali zijikusanye. Kama ni kukata, kateni mwishoni, tena kwa kupandisha.

Lindo_Usiku
Mnabishana desimali! Sisi walinzi tunaambiwa "likizo yako imo ndani ya mshahara", karatasi hakuna. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha unasaini mwingine, wanasema mzunguko umeanza upya, zile za nyuma zimezikwa. Namuunga mkono mleta mada kwa jambo moja tu: nikiiona namba kila mwezi, nina cha kupeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Mleta mada
Ndugu yangu Lindo, wewe ndiye uliyenifanya nifungue uzi huu, ingawa hatujuani. Kusaini mkataba mpya hakufuti ulichokwisha kuchuma. Ila usikae nalo moyoni: madai ya kufukuzwa kazi yana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai mengine kama haya siku 60. Kila slipu unayopewa, ipige picha.

Vipuri_Kkoo
Sawa, nipe na upande wangu. Mwezi wake wa tatu kazini kijana ana siku 6. Kanililia, nimempa 10. Wiki inayofuata kahamia duka la jirani. Zile nne nazidai kwa nani?

Mleta mada
Kama alisaini kwamba ni deni na likatwe, unakata kwenye malipo yake ya mwisho. Kama mlimalizana kwa mdomo, zimekwenda; huwezi kugusa mshahara wa mtu kwa deni ambalo hakuliridhia kwa maandishi. Weka kanuni: kabla ya miezi sita hakuna likizo ya malipo, baada ya hapo hakuna anayekopa zaidi ya siku ulizoandika, na karatasi inasainiwa kabla hajabeba begi.

Vipuri_Kkoo
Daftari la salio nitafungua. Lakini Desemba hatoki mtu dukani kwangu, sheria iseme inavyosema.

Mleta mada
Hiyo sheria inakupa, kupanga muda ni kwako. Ila watangazie Januari, siyo Novemba tarehe 30 mtu ameshakata tiketi ya basi.