Mtoko wa Jumamosi na watoto watatu hapa Dodoma, naombeni ushauri

MamaWatatu_Dom:
Wakuu, habari za leo. Tunataka kuwatoa watoto Jumamosi ijayo, Oktoba hii hii. Mkubwa ana miaka 9 na ana ualbino, wa pili miaka 5, mdogo miezi 5. Mpango ni kutoka nyumbani saa 4 asubuhi, tukae bustani ya Chinangali au tupande Mlima Simba, tule huko huko, turudi saa 9. Shemeji anasema bora bwawa la Hombolo, watoto waogelee. Gari lipo. Muda uko sawa? Nibebe nini?

Mkazi_wa_Kizota:
Dada, anza na muda. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni ndipo jua linapochoma, na wewe umelipangia mtoko wako humo humo. Tena Oktoba mwanzoni jua la mchana linapita utosini kabisa hapa kwetu. Kivuli cha ukuta kinapotea, cha mti kinabaki kwenye shina.

Kingine ni ukavu wa hewa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo hautulii, jasho linakauka kabla hujaliona. Aliyezoea Dar anasubiri mtoto alowe ndipo ampe maji. Hapa ngozi iko kavu na maji yanazidi kupungua mwilini.

Muwe mmefika saa 1 asubuhi, mnywe chai hapo hapo, saa 3 na nusu mfungashe. Siku moja kabla pitia uulize wanafungua saa ngapi. Jioni kuanzia saa 10 na nusu inawezekana, ila sakafu na vyuma vya bembea bado vinatoa joto la mchana. Weka mgongo wa mkono wako kwenye chuma kwa sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asikalie.

Nesi_Makole:
Niseme la huyo wa miaka 9, maana ndiye anayeamua ratiba nzima.

Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi. Kilisun, ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, inafaa sana. Apakwe dakika 20 kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa mbili, na kila akijifuta uso au kunawa. Wengi wanapaka kidogo mno: uso, masikio na shingo peke yake vinataka karibu kijiko kimoja cha chai. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, kisogo, nyuma ya magoti na juu ya nyayo. Mawingu yasikudanganye.

Hata hivyo losheni ni msaidizi, nguo ndiyo kinga. Kapelo inaacha masikio na shingo nje, kwa hiyo tafuta kofia ya ukingo mpana pande zote. Shati la mikono mirefu lishike kuelekea kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya vizuri, na mionzi inapenya. Likilowa, kinga inapungua. Miwani ya jua avae, mwanga unamuumiza macho kuliko wenzake.

Mdogo wa miezi 5 mweke kivulini muda wote, na losheni asipakwe. Maji asipewe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe ongeza kama lita moja ya maji ya kunywa. Usimfunike khanga gubigubi, joto linajifungia ndani. Pitisha vidole nyuma ya shingo yake: ikiwa moto na ina jasho, mpunguzie nguo. Pampasi kavu kwa muda wa saa sita au utosi uliobonyea, nenda hospitali.

Afya_ya_Maji:
Hombolo hapana, tafadhali. Kwenye maji yaliyotuama yasiyo na chumvi kuna konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, mtoto hasikii chochote. Konokono huwaachia kwa wingi mchana wa jua, saa ile ile watoto wanapotamani kuingia. Bwawa la Mtera nako mbali kwa kichanga, na kuna mamba na viboko.

BabaNeema:
Maji: lita 5 za kunywa na 3 za kunawa zinawatosha kwa asubuhi hiyo. Chupa mbili za lita moja na nusu zijaze robo tatu tu, maana barafu huvimba na kupasua chupa, uzigandishe usiku, uzilaze kwenye deli. Zinapoza chakula kisha zinanyweka. Watoto wanywe mafunda kadhaa kila dakika 20, wasingoje kiu. Soda isihesabiwe kama maji. Beba pakiti moja ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, inachanganywa na lita 1 kamili.

Chakula kiwe chapati, viazi vya kuchemsha, matango, tikiti. Pilau ya nyama na chochote chenye mayonesi acha nyumbani, kwenye joto hili saa moja nje ya ubaridi inatosha kukiharibu. Zabibu ni zetu, ila kwa wa miaka 5 zipasue kwa urefu mara nne. Nzima inaziba koo.

Na mtoto asiachwe ndani ya gari, hata dakika tano, hata vioo vikiwa wazi kidogo.

MamaWatatu_Dom:
Asanteni sana wakuu. Hombolo nimefuta, saa 1 asubuhi tutakuwa Chinangali. Mlima Simba tuuache kabisa? Na nitajuaje joto limemzidi mtoto?

Nesi_Makole:
Akilalamika kichwa, akawa mnyonge, kichefuchefu, mkojo wa njano iliyokolea: kivulini, vua nguo za juu, mpe maji kidogo kidogo, mpepee. Akianza kuongea ovyo, kutapika mfululizo au kutoitika, usimnyweshe kitu. Mmwagie maji mwili mzima na muende hospitali huku mnampepea.

Mkazi_wa_Kizota:
Mlima ungoje Juni au Julai, asubuhi kuna baridi. Miamba ikishapata jua inarudisha joto kutoka chini, na kofia haizuii hilo. Siku mkienda, viatu vya kufunika, maana miiba ya migunga inapenya ndala, na watoto wasigeuze mawe, nge hujificha chini yake. Kibanio cha kung'olea miiba kiwe kwenye mkoba.