Aliyenishawishi nibebe mikanda 12 tu ya filamu Oman, kaniuliza "si ungebeba na ya akiba?"

Mzee wa Negativu (#1)

Wakuu, salamu baadaye.

Nimetua Dar saa tisa usiku, sijalala, begi sijafungua, na sitaki kuambiwa pole na safari.

Kuna mtu humu. Simtaji jina, hana haja ya kutajwa, mnamjua. Yule wa vesti yenye mifuko kumi na minne na yote ina chaja. Yule ambaye kila uzi wa kamera lazima aingie na "kwa uzoefu wangu". Huyo huyo.

Kabla ya safari hesabu zangu nilizipiga mwenyewe na zilikaa sawa. Siku tisa: Muscat, Sur, mchanga wa Wahiba, tunamalizia Nizwa. Mikanda mitatu kwa siku, ya picha 36, inakuja 27. Naongeza mitatu ya dharura, 30. Nusu HP5, ile ya nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya ndani ya masoko na ngome, nusu Gold 200, ile ya rangi, kwa ajili ya jua, maana jua la kule saa sita mchana linakumulika mpaka dhamira. Nikaitoa yote kwenye maboksi, nikaipanga kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili watu wa ukaguzi waikague kwa mkono. Mikanda 30 haifiki kilo moja wakuu. KILO MOJA. Yeye alibeba jozi nne za viatu kwenda nchi ambayo watu wanashinda na makubadhi.

Akaja kwangu "kunishauri". Kakaa kwenye kochi langu, kanywa juisi yangu ya ukwaju, akaanza kuchambua mikanda yangu kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. "Kwani unaenda kufungua studio? Kwa uzoefu wangu kumi na miwili inatosha. Ukibana mkanda unajifunza kufikiri kabla ya kubonyeza." Mke wangu akasema huyu kaka ana hekima. Mikanda 18 ikabaki kwenye friji, jirani na nyanya chungu.

Yeye mwenyewe anapiga dijitali! Ana kadi ya gigabaiti 128! Anafundisha kufunga mtu aliyeshiba!

Haya. Mutrah pale Muscat siku ya kwanza, mitatu ikaondoka, soko la samaki lile utajizuiaje? Sur kwenye karakana ya majahazi, minne. Pale ni kama umerudi Zanzibar ya babu yako, mafundi wanachonga mbao, siwezi kuomba radhi. Wahiba miwili. Nizwa tumeingia Alhamisi nina mitatu, ule mnara wa duara wa ngome ukala miwili. Ijumaa asubuhi nimeamka nina MMOJA.

Na Ijumaa ndiyo Nizwa yenyewe. Mnada wa mbuzi ni Ijumaa tu, unaanza alfajiri na jua likipanda kila mtu kaenda zake. Wauzaji wanazunguka duara wakiburuza mbuzi na kutaja bei, wanunuzi wamechuchumaa pembeni, ukimtaka mbuzi unamsimamisha, unamfungua mdomo kukagua meno. Mtu akiona hivyo anatulia? Dakika kumi mkanda wote kwisha. Picha 36, na nikikumbuka vizuri karibu zote mbuzi kanipa mgongo.

Ndipo fahali akakata kamba.

Duara zima likatawanyika, kanzu nyeupe huku na huku, vumbi na jua la pembeni, na katikati kabakia mzee mmoja wa ndevu nyeupe na bakora yake HAJASOGEA, kamtazama fahali kama anamdai. Nyuma yake katoto kamekumbatia kibuzi. Nikainua kamera. Leva ya kuvuta mkanda ikagoma. Kihesabu kinasoma 36.

Na sikioni nasikia, kwa upole kabisa, kama daktari: "Si ungebeba na ya akiba?"

Wakuu. SI UNGEBEBA NA YA AKIBA.

Leo asubuhi nafungua grupu la safari nakuta katuma picha. Siyo ya mzee, siyo ya fahali. Yangu mimi, mdomo wazi, kamera tupu mkononi, na chini kaandika "Somo la maandalizi". Watu 43 wamecheka. Shemeji yangu kacheka mara mbili.

---

Ngosha Mtulivu (#2)

Picha iko wapi mkuu? Uzi wa picha bila picha ni porojo.

Mzee wa Negativu (#3)

Picha ndiyo SINA ndugu yangu. Ndiyo uzi wenyewe huo.

Katoka Kapa (#4)

Kwa hiyo umepanda ndege mpaka Uarabuni kupiga makalio ya mbuzi 36? Si ungeenda mnadani Pugu kwa daladala, na fahali wanakata kamba kila siku.

Sita kwa Sita (#5)

Tatizo la nyinyi watu wa mkanda wa milimita 35 ni kubonyeza hovyo. Mimi natumia mkanda mpana wa 120, picha 12 basi. Nilienda Lamu wiki nzima na mikanda mitano na nikarudi na mmoja haujaguswa. Ukiwa na nidhamu fremu moja inatosha.

Katoka Kapa (#6)

@Sita kwa Sita wewe si ndiye ulipiga kipaimara cha binamu yangu ukaleta picha 12, na saba ni za taa ya kanisa?

Vesti Kumi na Mbili (#7)

Mleta uzi, kama mlengwa ni mimi sema tu tujue moja. Halafu vesti yangu ina mifuko kumi na miwili, siyo kumi na minne.

Mzee wa Negativu (#8)

Siyo wewe kiongozi. Wewe hujawahi kuvuka Kibaha, ushauri wa safari utautoa wapi? Ninayemsema ameshausoma uzi huu, namuona jina lake hapo chini na kimya chake. SI UNGEBEBA NA YA AKIBA. Nimeota hiyo sauti kwenye ndege.

Mama Albamu (#9)

Wewe shukuru umeambiwa mkanda umeisha. Mimi harusi yangu 1997 mpiga picha mkanda ulimwishia tukiwa bado kanisani, naye akaendelea kuwasha flashi ukumbini mpaka saa sita usiku. Tunapangwa, "bibi harusi sogea kidogo", "mashangazi cheka", flashi PAA. Hakuna kitu ndani. Tulipofuata picha akasema mkanda umeungua. Albamu yangu inaishia kwenye "ndiyo, nakubali". Watoto wangu wanaamini hapakuwa na pilau.

Ngosha Mtulivu (#10)

@Mama Albamu 😂😂 pole mama. Pilau lilikuwepo?

Mama Albamu (#11)

Lilikuwepo, lakini ushahidi sina.

Fundi wa Chumba cha Giza (#12)

Vijana, enzi zetu mkanda mmoja wa 36 ulipiga harusi, ubatizo na msiba, na ukiuvisha kwa adabu gizani unapata ya 37 na ya 38. Ila kwa hili mleta uzi ana haki. Safari ya nje beba mara moja na nusu ya unachodhani, weka kwenye begi la mkononi, usithubutu kuweka kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, zile mashine za huko zinachoma. Na viwanja vyenye skana mpya za CT omba ukaguliwe kwa mkono hata kama mkanda ni ISO 100, ule usiodhurika upesi. Gari la Oman nalo usiache mkanda kwenye dashibodi, utaiva.

Huyo bwana alikosea. Ila na wewe mikanda minne kwenye majahazi?

Mzee wa Negativu (#13)

Mzee wangu shikamoo. Yalikuwa mazuri.

Dada wa Bandari (#14)

Naomba kuuliza swali dogo. Ile nafasi ya mikanda 18 kwenye begi la mkononi, ulijaza nini?

Mzee wa Negativu (#15)

Tusitoke kwenye mada.

Dada wa Bandari (#16)

Ulijaza nini kaka?

Mzee wa Negativu (#17)

Dagaa. Wa shangazi yake anayeishi Ruwi, hapo Muscat. Kilo tatu. Alisema "kwa kuwa sasa una nafasi".

Katoka Kapa (#18)

HAHAHAHA nimeanguka kitini. Kwa hiyo mikanda ilitolewa ili dagaa wakae! Mkuu wewe hukushauriwa, ulikodishwa!

Vesti Kumi na Mbili (#19)

Sasa nimefurahi kwamba siyo mimi.

Bint Malindi wa Muscat (#20)

Asalaam aleykum. Mie nipo huku Muscat mwaka wa kumi na moja, na hapa nna langu. Nyie wa Bara mnaotuletea dagaa, mbona wana mchanga? Juzi nimeletewa, nimeosha maji saba, ukitafuna kama uko Wahiba. Wallahi jino limenitikisika.

Ngosha Mtulivu (#21)

@Bint Malindi hao watakuwa wameanikwa chini. Dagaa wa Mwanza wa kuanikwa kwenye chanja hawana mchanga hata chembe.

Dada wa Bandari (#22)

Afadhali wewe unaletewa. Mimi kila nikisafiri nabebeshwa. Mara ya mwisho Dubai mtu kanipa "kabahasha tu", nafungua uwanjani nakuta mwiko, kinu kidogo na pweza mkavu.

Mzee wa Kigoma (#23)

Mwanza imefikaje hapa? Dagaa ni wa Kigoma. Wengine hao ni vumbi lenye macho.

Ngosha Mtulivu (#24)

Rudia hiyo kauli @Mzee wa Kigoma.

Mzee wa Negativu (#25)

Wakuu tafadhali turudi kwenye mada. Mzee wa ndevu nyeupe. Fahali. Leva imegoma. "Si ungebeba na ya…"

Mzee wa Kigoma (#26)

Vumbi lenye macho. Nimerudia.

Mama Albamu (#27)

Dagaa wa Kigoma walikuwepo kwenye harusi yangu pia. Ushahidi sina.

Bint Malindi wa Muscat (#28)

@Mzee wa Negativu kaka, hao kilo tatu wa shangazi wa Ruwi walikuwa wa wapi? Nauliza kwa sababu nahisi ndio hawa hawa.

Mzee wa Negativu (#29)

Mwanza.

Na ni kweli, walikuwa na mchanga. Umeingia mpaka kwenye lenzi.